Tuanze Pale Mtoto Alipofika

Watu wa Bagamoyo, nanyi mlioko Kaole, Mlingotini, Zinga, Kerege na Mapinga, hadi Bunju na Boko upande wa Dar es Salaam, nina ombi kuhusu watoto wetu walio shuleni. Ombi hili halingoji bajeti ya wizara wala mfadhili. Naomba kila mtoto wa shule ya msingi asikilizwe na mtu mzima, peke yake, akisoma na kuhesabu, ili ijulikane amefika wapi. Akishajulikana, afundishwe kuanzia hapo alipofika, hata kama kitabu cha darasa lake kiko mbali mbele yake.

Linasikika dogo. Lakini ingieni darasani mkaone. Mwalimu amesimama mbele ya watoto 80, amemaliza kueleza, anauliza: "Mmeelewa?" Darasa zima linaitika: "Ndiyooo!" Aliyeelewa ameitika. Aliyeelewa nusu ameitika. Yule ambaye bado anachanganya b na d ameitika kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu amekwisha kujifunza kwamba anayeitika kwa nguvu haulizwi swali. Kipindi ni dakika 40. Zigawe kwa watoto 80, kila mmoja anapata nusu dakika, na hapo mwalimu hajageuka kuandika ubaoni wala hajasahihisha daftari hata moja.

Simlaumu mwalimu huyo. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto waliokuwa wamebaki nyumbani walimiminika shuleni, na tulifurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Lakini waliingia wakiwa na hali mbalimbali. Wapo waliopitia darasa la awali na nyumbani wana vitabu. Wapo ambao mara ya kwanza kushika penseli ilikuwa siku ya kwanza ya darasa la kwanza. Kwenye kata za ndani, kuelekea Chalinze, wapo watoto wa wafugaji wa Kimaasai na Kibarbaig ambao Kiswahili chenyewe wanakikuta shuleni. Wote wanapewa ukurasa uleule, siku ileile. Mwaka 2015 Serikali ilibadili mtaala wa darasa la kwanza na la pili ili mkazo uwe kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Uamuzi ulikuwa mzuri. Ila mtoto akiyapita madarasa hayo mawili bila kuunganisha silabi, darasa la tatu halimsubiri. Utamkuta darasa la nne amekwama kwenye nya na ng'o, na mbele yake kuna habari ya mfumo wa jua. Hajifunzi mfumo wa jua, na silabi pia hajifunzi, kwa kuwa hakuna tena anayezifundisha. Anajifunza kunyamaza.

Tunasema mara nyingi kwamba watoto hawajifunzi kwa namna moja, na ni kweli. Lakini wanatofautiana katika nini? Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana kuna jibu jepesi linalozunguka kwenye semina na mitandaoni, nalo linaweza kutudhuru. Linasema kuna mtoto wa macho, mtoto wa masikio na mtoto wa mikono. Mpime, mtambue ni wa aina gani, kisha mfundishe kwa njia hiyo. Wazo hili lilienea sana baada ya Neil Fleming, mkaguzi wa shule wa zamani huko New Zealand, kutoa dodoso lake mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, wakiongozwa na Harold Pashler, walizipitia tafiti za jambo hilo wakitafuta ushahidi kwamba mtoto "wa macho" hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa macho. Ushahidi wa kutosha hawakuupata. Hata Howard Gardner, aliyeandika mwaka 1983 kwamba akili ya binadamu ina sura nyingi, amekanusha hadharani kwamba alikuwa anazungumzia mambo haya.

Watoto wanapenda njia tofauti, hilo halina ubishi. Lakini kila mtoto hunufaika kwa kuona, kusikia na kushika, kutegemea somo lenyewe. Ramani lazima uione. Shairi lazima ulisikie. Fundo la kamba utalijua ukilifunga kwa vidole vyako. Kinachowatenganisha hasa ni kile ambacho kila mmoja amekuja nacho: anachokijua tayari, lugha anayoiota usiku, macho na masikio yake yanavyofanya kazi, na muda anaouhitaji kabla jambo halijamkaa.

Kwa nini nasema jibu lile linaweza kutudhuru? Kwa sababu hapa kwetu pwani tunaweza kujua mapema ni nani atakayeitwa mtoto wa mikono. Ni mtoto wa mvuvi. Ni binti wa mama anayelima mwani Mlingotini. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umefungua mkondo wa amali sekondari, na mimi naupenda, maana ufundi ni elimu kamili yenye hesabu na fizikia ndani yake. Lakini ninachokiogopa nakisema waziwazi: tukiugeuza mkondo huo kuwa mahali pa kuwatupa watoto tulioshindwa kuwafundisha kusoma, tutakuwa tumeudhalilisha ufundi na kuwadhulumu watoto kwa pamoja. Fundi asiyesoma mkataba wake ataibiwa.

Na huyo mtoto wa mvuvi, mnamjua kweli? Nendeni pwani kwenye soko la samaki boti zikirudi. Mtoto wa miaka kumi anauza mafungu ya dagaa, anaombwa apunguze bei, anaongeza samaki mmoja juu ya fungu, anarudisha chenji, na hakosei, maana akikosea anajua atakachokikuta nyumbani. Mtoto huyohuyo kwenye daftari la hisabati amejaa alama za mkasi.

Jambo hili si la Bagamoyo peke yetu. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha walichokiona katika mji wa Recife, pwani ya Brazili. Waliwafuata watoto watano waliokuwa wakiuza vitu mitaani na sokoni, wakajifanya wateja, kisha baadaye wakawapa hesabu zilezile kwenye karatasi. Sokoni watoto walipata majibu sahihi kwa asilimia 98. Kwenye karatasi, hesabu ikiwa tupu bila habari ya kuuza na kununua, walishuka hadi asilimia 37. Mtoto mmoja aliulizwa bei ya nazi nne, moja ikiwa cruzeiro 35. Akaanza na nazi tatu, 105, akaongeza 30, akamalizia ile tano iliyobaki: 140. Hajakosea. Alipopewa 35 mara 4 kwenye karatasi alifanya hivi: nne mara tano ishirini, naandika 0, napeleka 2, mbili na tatu, tano, tano mara nne, ishirini. Jibu, 200. Mwalimu anayeona 200 pale anaandika mkasi na kuendelea. Mwalimu anayemwambia mtoto "nieleze ulivyofanya" anagundua mambo mawili kwa mpigo: kwamba mtoto huyu anajua hesabu, na kwamba kilichomchanganya ni hatua moja ya kuandika. Hatua hiyo unaweza kumsaidia akaishika asubuhi moja tu.

Kumbe basi hatuna haja ya kuagiza hekima kutoka mbali. Mji huu umekuwa ukifundisha kwa namna hii kwa vizazi, ila tumeiacha nje ya geti la shule.

Angalieni chuoni, kule watoto wanakosomeshwa Kurani. Kwenye mkeka mmoja wamekaa watoto ishirini. Huyu yuko kwenye alifu, yule wa pembeni yake yuko juzuu ya amma, mkubwa kule ukutani anakaribia kuhitimu. Kila mmoja ana mahali pake, na hakuna anayeona haya kwa sababu ya mwenzake. Mtoto anakwenda mbele ya maalim na kusoma peke yake. Akisoma sawasawa anapewa somo jipya, akikosea anarudi na somo lilelile. Wakubwa wanawasomesha wadogo. Najua kasoro zake: kuna kukariri bila kuelewa, na kuna mahali fimbo inafanya kazi isiyo yake. Lakini lile jambo la kumsikiliza kila mtoto, kila siku, kisha kumpa somo linalomfaa yeye, ndilo shule zetu za serikali zinalolikosa. Wala tusidhani ni jambo la kizamani. Shirika la Pratham la India limejijengea jina kwa kuwapanga watoto kwa saa moja au mbili za siku kufuata wanavyosoma badala ya madarasa yao: wa silabi na wa silabi, wa sentensi na wa sentensi, wa hadithi na wa hadithi. Wachumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata Nobel mwaka 2019 pamoja na Michael Kremer, walishiriki kuipima njia hiyo kwa miaka mingi, na kujifunza kwa watoto kulipanda. Zambia nayo imeichukua na kuipeleka kwenye shule zake. Nikilitazama darasa la namna hiyo, naona mkeka wa chuoni.

Au tazameni ngoma. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa hapa mwaka 1981, chuo ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, baadhi ya walimu wake wa kwanza walikuwa wasanii wa vikundi vya taifa vya ngoma, maigizo na sarakasi. Hukwe Zawose, Mgogo aliyetoka Dodoma na zeze na ilimba zake, akaishi na kufundisha hapa hadi alipofariki mwaka 2003, alipeleka sauti ya nchi hii kwenye majukwaa ya dunia. Katika somo la ngoma hakuna "Ndiyooo". Mpigaji mmoja akipotea, kila aliyepo anasikia papo hapo. Mwalimu anasimamisha, anamwendea aliyepotea, anampigia begani taratibu hadi mwili wake uupate mdundo, kisha wote wanaanza tena. Hakuna anayeambiwa kwamba hana akili ya ngoma. Kosa limesikika, limerekebishwa, kazi inaendelea. Kwenye daftari, kosa linakaa kimya hadi mtihani wa taifa.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya shule inayomtenga mtoto na jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Miaka ya 1970, kampeni ya kisomo iliwafikia watu wazima kwa vitabu vilivyozungumzia kazi zao wenyewe, kama kilimo cha pamba na migomba. Mkulima alianza na neno alilokuwa analijua mkononi kabla ya kulijua kwa jicho. Bibi na babu zetu wengi walisoma hivyo. Iweje wajukuu wao tushindwe kuwaanzia kwenye kile wanachokijua?

Sasa nije kwenu mmoja mmoja.

Walimu, ninyi ndio wa kwanza, na ninawaheshimu. Wiki mbili za mwanzo wa muhula, naomba msikilize watoto wawili au watatu kila kipindi, wakati wenzao wanaandika: silabi chache, sentensi, aya fupi, hesabu mbili tatu za kueleza kwa mdomo. Andikeni mlichokikuta kwenye daftari la shilingi mia tano. Kisha muombe mwalimu mkuu saa moja ya siku ambapo watoto wa darasa la tatu, la nne na la tano wanapangwa upya kufuata walipofika. Mtoto wa darasa la tano akijikuta na wa darasa la tatu ataona aibu siku mbili, halafu atasoma. Na naomba sana, fimbo iwekwe chini. Kanuni za mwaka 2002 zilikwishabana: viboko visizidi vinne, na atoe mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi. Mimi nataka twende mbele zaidi ya kanuni. Mtoto asiyejua herufi hawezi kuikumbuka kwa kupigwa, maana hajawahi kuwa nayo.

Wazazi, kila jioni mpeni mtoto dakika kumi asome kwa sauti mbele yenu. Mama usiyejua kusoma, usijitoe katika hili. Mtoto anayesoma vizuri na mtoto anayekwama, sikio lako litawatofautisha tu, na utajua cha kwenda kumuuliza mwalimu. Mkagueni macho: msimamisheni upande mwingine wa chumba, azibe jicho moja, asome tarehe kwenye kalenda ya ukutani, kisha azibe la pili. Akikunja uso au akisogea, mpelekeni hospitali apimwe. Sikio linalotoa usaha msilizoee kama mafua. Mtoto mwenye sikio bovu amekaa nyuma ya darasa la watoto 80, anasikia nusu ya kila neno, na sisi tunamwita mkaidi. Wangapi tumewaita kilaza, na tatizo lilikuwa miwani?

Neno hilo kilaza liondoke midomoni mwetu kabisa, pamoja na nduguye mzito. Mji huu hauna haki ya kulitumia. Yahya bin Abdallah aliletwa Bagamoyo utumwani akiwa mtoto, kutoka upande wa Manyema. Nani kati ya waliomwona akishuka na msafara angedhani atakuwa mwalimu wao? Alipofariki mwaka 1931 alikuwa Sheikh Ramiya, mmoja wa masheikh wakubwa wa twarika ya Qadiriyya katika pwani nzima, na wanafunzi wake walikuwa wameenea bara na pwani. Alikuta mtu wa kumsomesha, basi.

Maalim na maustadhi, mnawajua watoto wetu kuliko mtu yeyote, kwa kuwa mnawasikia mmoja mmoja. Kaeni na walimu wa shule mara moja kwa muhula, mlinganishe. Mtoto anayesoma vyema chuoni na kushindwa shuleni, au kinyume chake, ana habari ya kutuambia sote.

Mafundi wa majahazi, wasanii wa TaSUBa, mama wa mwani, wavuvi: nendeni shuleni mnapoitwa, na msipoitwa, jipelekeni. Fundi anapokata mataruma ya upande mmoja wa dau yakalingana na ya upande wa pili, akiwa na tezo na jicho lake, anafundisha jometri. Ila na ninyi nawaomba, msiwachukue watoto siku za masomo kwa sababu bahari imetulia. Dagaa watakuwepo Jumamosi.

Walimu wa sekondari, kwenu lugha inageuka kuwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza, na mtoto aliyekuwa mchangamfu darasa la saba anakuwa bubu ghafla. Mitihani hatuwezi kuibadilisha kesho asubuhi. Lakini mnaweza kuwaacha wanafunzi wawili wawili walijadili swali kwa Kiswahili dakika tano, mpaka waone jibu, ndipo waliandike kwa Kiingereza. Jambo lililoeleweka hupata maneno. Maneno yaliyokaririwa bila jambo hupotea wiki ya pili.

Nanyi wajumbe wa kamati za shule, mna nguvu kuliko mnavyojidhania. Vikao vyetu huishia kwenye madawati, choo na mchango wa mlinzi, na ni mambo ya lazima. Kwenye kikao kijacho ongezeni ajenda moja. Muulizeni mwalimu mkuu, kwa upole na bila kumtega: katika darasa letu la tatu, watoto wangapi wanaweza kusoma wenyewe aya moja ya kitabu cha darasa la pili, na wangapi bado? Msiulize wastani wa alama wala nafasi ya shule kiwilaya. Ulizeni idadi ya watoto, na majina yao yabaki kwa mwalimu, yasibandikwe ukutani. Kama idadi haipo, msilaumu. Chagueni Jumamosi moja, waje wazazi wanaojua kusoma, vijana waliomaliza kidato cha nne na wako mitaani, na walimu wastaafu. Mtu mmoja na mtoto mmoja, dakika tano, chini ya mwembe wa shule. Watu ishirini wanamaliza darasa lenye watoto 80 katika nusu saa, na walimu wanaondoka na orodha ya kuanzia Jumatatu.

Mwenye miwani ya kusomea, aje nayo. Mwenye gari la kumpeleka mtoto kliniki ya macho, ajitokeze. Mimi nitaleta penseli na mabenchi mawili, na nitakaa kumsikiliza kila mtoto nitakayepangiwa.